Upigaji picha wa magari ya kale

Upigaji picha wa magari ya kale ni tawi la upigaji picha linaloshughulikia magari ya zamani yanapoonekana hadharani: kwenye mbio za magari ya kihistoria, misafara ya barabarani, mashindano ya urembo wa magari na sherehe za jamii. Ni tofauti na picha za matangazo ya biashara, kwa sababu mpiga picha hana studio, hachagui mwanga wala mandhari, na mara nyingi gari hupita mbele yake mara moja tu.

Kwa mujibu wa FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, gari la kihistoria ni lile lenye umri wa miaka 30 au zaidi, linalotunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na ambalo halitumiki kama usafiri wa kila siku. Kwa hiyo picha ya gari la namna hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha gari likiwa hai, yaani likitembea na likiwa na watu. Ya pili ni kuweka kumbukumbu sahihi ya gari lenyewe. Mara nyingi kazi hizo mbili huvutana: picha inayoonyesha mwendo huficha maelezo, na picha inayoonyesha kila kitu hufanya gari la mbio lionekane limeegeshwa.

Historia

Magari na kamera za kubebeka mkononi vilienea karibu wakati mmoja, mwishoni mwa karne ya 19. Tarehe 14 Novemba 1896 msafara wa magari ulitoka London kwenda Brighton nchini Uingereza kusherehekea sheria mpya iliyoongeza kasi inayoruhusiwa barabarani. Safari hiyo ilirudiwa mwaka 1927 kama kumbukumbu, na sasa hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905.

Moja ya picha zinazojulikana zaidi za gari likiwa kasini ilipigwa na Mfaransa Jacques-Henri Lartigue (1894–1986) kwenye mbio nchini Ufaransa katika miaka ya mwanzo ya 1910. Gurudumu la gari linaonekana kama yai lililoinama mbele, huku watazamaji na nguzo wakionekana kuinama upande wa pili. Sababu ni muundo wa kamera. Shata (kifuniko kinachofunguka ili mwanga uingie) ilikuwa na ufa mwembamba uliopita juu ya bamba la picha hatua kwa hatua. Sehemu ya juu ya gari ilinaswa baada ya sehemu ya chini, na kwa muda huo mfupi gari lilikuwa limekwisha kusogea. Lartigue alikuwa pia akiizungusha kamera kulifuata gari, lakini polepole kuliko gari lenyewe. Ndiyo maana vitu vilivyosimama vililala upande wa pili. Simu nyingi za kisasa husoma picha mstari kwa mstari, na kwa hiyo huweza kuleta upotofu wa aina hiyohiyo.

Katikati ya karne ya 20 wapiga picha kadhaa walijulikana kwa kazi ya mbio za magari. Louis Klemantaski (1912–2001) alipiga picha akiwa ndani ya gari lenyewe: katika mbio za Mille Miglia za mwaka 1957 nchini Italia aliketi kando ya dereva Peter Collins kwenye gari la Ferrari. Picha za miaka hiyo sasa ni rejea muhimu kwa mafundi wanaotengeneza upya magari ya wakati huo.

Afrika ya Mashariki ilipata mashindano yake makubwa mwaka 1953, mbio za Safari zilipofanyika kwa mara ya kwanza kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Mpiga picha Mohamed Amin (1943–1996), aliyepata umaarufu duniani baadaye kwa picha za njaa ya Ethiopia, alipiga picha za mbio hizo akiwa bado kijana wa shule Dar es Salaam.

Aina za matukio

Mbio za kihistoria

Katika mbio hizi magari ya zamani hushindana tena kwenye uwanja wa mbio. Mfano mmoja ni Goodwood Revival, unaofanyika tangu mwaka 1998 kwenye uwanja wa Goodwood kusini mwa Uingereza. Uwanja huo ulitumika kwa mbio kuanzia 1948 hadi 1966. Washiriki na watazamaji wengi huvaa nguo za miaka hiyo, na hilo humsaidia mpiga picha, kwa kuwa hata watu walio nyuma ya gari hupatana na umri wake.

Mille Miglia ilikuwa mbio ya barabarani ya takriban kilomita 1,600 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi. Iliendeshwa kati ya 1927 na 1957. Tangu 1977 jina hilo hutumiwa na msafara wa magari ya kale ambao hupima usahihi wa muda badala ya kasi.

Misafara na maandamano

Hapa magari hutembea polepole, mara nyingi katikati ya watu. Huko Michigan, Marekani, tukio la Woodward Dream Cruise lilianza mwaka 1995 na hufanyika mwezi Agosti kwenye barabara ya Woodward kaskazini mwa Detroit. Katika matukio ya namna hii hakuna uzio unaomtenga mtazamaji na gari. Mpiga picha huweza kusogea karibu, lakini pia hana budi kukubali kwamba watu, nguzo za umeme na magari ya kisasa vitaingia kwenye picha.

Mashindano ya urembo wa magari

Katika mashindano haya magari husimama kwenye nyasi na waamuzi huyakagua. La Pebble Beach, California, lilianza mwaka 1950 na hufanyika kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Wapenzi wengi hufika alfajiri ili kuona magari yakiingia uwanjani, kwani saa chache baadaye umati huwa umeyazunguka.

Jijini Nairobi, shindano la Concours d'Elegance limekuwa likiandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo na kufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hugawanywa katika madaraja, na waamuzi huangalia usafi na hali ya bodi, ndani ya gari, injini na hata sehemu ya chini.

Mbinu

Kasi ya shata na mwendo

Uamuzi wa kwanza ni muda ambao shata itakaa wazi. Muda mfupi sana, kama sekunde 1/1000, hulisimamisha gari kabisa. Spoku za magurudumu huonekana moja moja, na msomaji wa picha hawezi kujua kama gari lilikuwa likienda. Muda mrefu zaidi hufanya magurudumu na mandhari yafifie, na hapo mwendo huonekana.

Jedwali lifuatalo limekokotolewa kwa gari lenye magurudumu ya kipenyo cha sentimita 60:

| Kasi ya gari | Muda wa shata | Umbali ambao gari husogea | Kiasi ambacho gurudumu huzunguka |
|---|---|---|---|
| km 100 kwa saa | sekunde 1/1000 | sm 2.8 | nyuzi 5 |
| km 100 kwa saa | sekunde 1/125 | sm 22 | nyuzi 42 |
| km 25 kwa saa | sekunde 1/1000 | sm 0.7 | nyuzi 1 |
| km 25 kwa saa | sekunde 1/125 | sm 5.6 | nyuzi 11 |
| km 25 kwa saa | sekunde 1/30 | sm 23 | nyuzi 44 |

Jedwali linaonyesha kwamba sekunde 1/125 kwenye uwanja wa mbio na sekunde 1/30 kwenye maandamano hutoa matokeo yanayokaribiana. Ndiyo sababu mpiga picha aliyezoea mbio hupata magari "yaliyoganda" anapopiga maandamano bila kubadilisha mipangilio ya kamera.

Kulifuata gari kwa kamera

Gari likisogea sentimita 22 wakati shata iko wazi, kamera iliyotulia itatoa picha iliyofifia yote. Kwa hiyo mpiga picha huizungusha kamera pamoja na gari. Husimama akiwa ameelekeza miguu mahali anapotaka kupiga, kisha hugeuza kiuno kulipokea gari likiwa bado mbali. Hulifuata kwa mwendo sawasawa, hubonyeza linapofika mbele yake, na huendelea kulifuata hata baada ya kubonyeza. Anayesimamisha kamera mara tu anapobonyeza huharibu picha.

Mbinu hii hufanya kazi vizuri zaidi gari linapopita kwa ubavu. Gari linalokuja moja kwa moja au linalokata kona huwa na sehemu zinazosogea kwa viwango tofauti, hivyo pua inaweza kuwa wazi na mkia ukafifia. Hata wapiga picha wenye uzoefu hupoteza picha nyingi kwa mbinu hii. Kwa sababu hiyo wengi huanza na muda mfupi wa shata ili wapate kwanza picha ya uhakika ya kila gari, kisha huongeza muda huo kidogo kidogo katika mizunguko inayofuata. Kwenye msafara ambapo gari halirudi, nafasi hiyo haipo.

Lenzi na mahali pa kusimama

Kwenye uwanja wa mbio, ambapo watazamaji huwekwa mbali na njia, hutumika lenzi ndefu, mara nyingi za milimita 300 hadi 400. Kwenye maandamano lenzi ya milimita 85 hadi 135 hutosha. Lenzi pana huruhusu kupiga gari lote kutoka karibu, lakini huvuta sehemu iliyo mbele. Bampa au taa huonekana kubwa kupita kiasi, na umbo ambalo mbunifu alilikusudia hupotea.

Kwa gari lililosimama, pembe inayotumika zaidi ni ile inayoonyesha mbele na ubavu kwa pamoja, kamera ikiwa kwenye kimo cha taa za mbele. Picha inayopigwa kwa kimo cha mtu aliyesimama hufanya gari lionekane dogo. Magari mengi ya kabla ya 1960 yalikuwa na madirisha madogo na paa la mviringo, na picha ya kutoka juu huonyesha paa zaidi kuliko ubavu.

Mwanga na mng'ao

Rangi iliyong'arishwa na vyuma vyenye kromu hufanya kazi kama kioo: huonyesha anga, mahema, watu na mpiga picha mwenyewe. Wengi huvaa nguo nyeusi ili wasionekane kwenye mlango wa gari. Kichujio cha lenzi kinachopunguza mng'ao husaidia kwenye vioo na kwenye rangi, lakini hakiondoi mng'ao wa chuma kitupu au kromu. Njia ya kushughulikia kromu ni kusogea mpaka inachoakisi kiwe kitu kinachofaa, kwa mfano anga tupu au nyasi.

Jua la asubuhi na la jioni huchora mikunjo ya bodi. Karibu na Ikweta muda huo ni mfupi, kwa kuwa jua hupanda haraka. Saa sita mchana boneti hung'aa sana na magurudumu huzama kwenye kivuli cha bodi. Wakati huo wapiga picha wengi hugeukia sehemu ndogo ndogo kama vile usukani, saa za dashibodi, nembo na injini, au hutafuta magari yaliyo chini ya miti.

Vumbi

Katika mbio za barabara za udongo vumbi ni sehemu ya picha. Mbio za magari ya kale za East African Safari Classic Rally, zilizoanza mwaka 2003, hupita kwenye barabara za aina hiyo. Jua likiwa nyuma ya gari, wingu la vumbi hung'aa na umbo la gari hujitokeza. Jua likiwa nyuma ya mpiga picha, vumbi huonekana kama ukuta wa kahawia. Gari la kwanza tu ndilo lenye uhakika wa kuonekana. Kwa yanayofuata ni lazima kuangalia upepo na kusimama upande unakotokea. Kubadilisha lenzi mahali penye vumbi huepukwa, kwa sababu chembe hushika kwenye kihisi cha kamera na kuonekana kama madoa katika kila picha inayofuata.

Usalama

Historia ya mbio za barabarani imejaa vifo vya watu waliokuwa wamesimama kutazama. Mwaka 1955 gari lililoruka kwenye umati huko Le Mans, Ufaransa, liliua watu zaidi ya 80. Tarehe 12 Mei 1957 tairi la gari la Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo wakati wa Mille Miglia. Dereva, msaidizi wake Edmund Nelson na watazamaji tisa walikufa, watano kati ya watazamaji hao wakiwa watoto. Ajali hiyo ilikomesha Mille Miglia kama mbio za kasi.

Gari la kale halijawa salama zaidi kwa kuwa limezeeka. Mengi yana breki za ngoma, matairi membamba na vyuma vilivyochoka. Hata kwenye maandamano ya polepole gari linaweza kushindwa kusimama kwa ghafla kama gari la kisasa. Kanuni zinazofuatwa na wapiga picha wenye uzoefu ni hizi:

- Kutosimama upande wa nje wa kona, kwani gari linaloshindwa kukata kona huelekea huko.
- Kuchagua mahali palipoinuka au nyuma ya kizuizi imara, penye njia ya kukimbilia.
- Kutopiga picha ukiwa umechuchumaa au umelala mahali ambapo huwezi kuondoka haraka.
- Kusikiliza. Anayetazama kupitia kamera yenye lenzi ndefu haoni gari la pili linalokuja, na umbali humdanganya.
- Kutii wasimamizi wa njia, hata kama wengine wamepita uzio. Kibali cha mwandishi wa habari hakimkingi mtu na gari.

Katika mbio za vijijini mpiga picha ana wajibu wa ziada. Watoto humfuata mwenye kamera, na wakimwona amesimama mahali pa hatari hudhani ni mahali salama.

Adabu na haki za watu

Kwenye maonyesho, mmiliki wa gari huwa karibu. Ni desturi kumsalimu na kuomba ruhusa kabla ya kusogea sana, kufungua mlango au kuinua boneti. Magari hayaguswi. Bakoli ya mkanda, zipu ya koti au mkanda wa kamera huweza kukwaruza rangi ambayo haipatikani tena dukani. Mazungumzo hayo pia hutoa taarifa ambazo picha peke yake haiwezi kutoa: gari lilinunuliwa wapi, nani alikuwa nalo, ni sehemu gani ni za asili na zipi zimebadilishwa.

Katika nchi nyingi haki ya picha ni ya aliyeipiga isipokuwa kuna mkataba mwingine. Hata hivyo watu wanaotambulika kwenye picha wana haki zao. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya mwaka 2022. Kwa picha za watoto, ruhusa ya mzazi huombwa. Baadhi ya wamiliki huomba namba ya gari ifichwe au mahali linapohifadhiwa pasitajwe, kwa kuhofia wizi.

Umuhimu wa kumbukumbu

Magari ya mbio hubadilishwa mara kwa mara katika maisha yake. Injini huhamishwa, bodi hugongwa na kutengenezwa, na rangi hupakwa upya kwa kila mfadhili. Baada ya miaka 50, huenda picha ikawa ndiyo njia pekee ya kujua taa za ziada zilifungwa wapi au kioo cha pembeni kilikuwa cha aina gani. Hati ya kiufundi ambayo shirikisho la FIA huitaka kwa magari ya mbio za kihistoria huambatanishwa na picha za gari husika.

Kwa sababu hiyo picha isiyo na maelezo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Maelezo ya msingi ni aina na modeli ya gari, mwaka wa kutengenezwa, tarehe na mahali pa picha, jina la tukio, na namba ya ushiriki iliyobandikwa mlangoni. Namba ya chesisi huandikwa mmiliki akikubali. Taarifa isiyo na uhakika huachwa au huandikwa kama makadirio. Rangi ya gari haibadilishwi kwa programu ya kompyuta katika nakala inayohifadhiwa, kwani atakayeitumia baadaye ataichukua kama ushahidi.

Jambo hili lina uzito katika Afrika ya Mashariki. Bert Shankland wa Tanzania alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na 1967 kwa gari la Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Magari ya modeli kama Peugeot 404 na 504 yalikuwa pia teksi na magari ya familia, na mengi yaliishia kuwa vyuma chakavu. Picha zilizopigwa na watu wa kawaida kando ya barabara, zikiwa zimehifadhiwa kwenye albamu za nyumbani, ni sehemu ya historia hiyo. Zikichanganuliwa kwa skana na kuandikiwa tarehe, mahali na majina wakati wanaokumbuka bado wapo, huweza kutumiwa na watafiti. Zisipoandikwa, baada ya kizazi kimoja hubaki picha ya gari lisilojulikana kwenye barabara isiyojulikana.

Tazama pia

- Upigaji picha
- Kamera
- Motokaa
- Mbio za magari
- Safari Rally